Chura wa sumu anaazima sumu yake, sasa kwanini tunamlinda yeye peke yake?

Kuna klipu huwa inarudi kwenye magrupu ya WhatsApp kila baada ya muda. Chura mdogo wa njano kakaa juu ya jani, muziki wa kutisha nyuma, afu maandishi makubwa: huyu ndo kiumbe hatari kuliko wote duniani, ukimgusa tu umekwisha. Watu wanatuma emoji za kushtuka, mmoja anauliza anapatikana wapi asije akamkanyaga, mwingine anasema Mungu fundi, mada inaisha. Mi sina ugomvi na watu kushtuka, sumu yenyewe ni ya kushtua kweli. Ila ile klipu inaacha sehemu tamu kuliko zote, na ukiiacha hiyo unabaki unaamini chura kazaliwa na sumu yake kama nyoka anavyozaliwa na meno. Chura yule sumu hatengenezi, anaila.

Tuanze na huyo wa njano maana ndo staa wa klipu. Kwa jina la kisayansi anaitwa Phyllobates terribilis, anaishi kwenye misitu ya mvua upande wa Pasifiki wa Kolombia, na waliomwandika rasmi ni Charles Myers, John Daly na Borys Malkin mwaka 1978. Ni mdogo tu, sentimita 5 hivi, ila kwenye ngozi yake anaweza kubeba karibu miligramu 1 ya kitu kinaitwa batrakotoksini, na makadirio yanayotajwa sana ni kwamba hiyo inatosha kuua watu wazima 10 mpaka 20. Wenyeji wa eneo hilo, Waembera, walikuwa wanamjua huyu chura muda mrefu kabla ya mzungu yeyote kuja na daftari. Wawindaji wao walikuwa wanachukua vishale vya kupuliza kwa mrija mrefu, wanasugua ncha kwenye mgongo wa chura akiwa hai, wanamwachia aende zake, na kishale kikikauka kinabaki na ukali wake hata mwaka mzima. Kwa spishi nyingine ndugu zake, ambazo sumu yake ni ndogo, ilibidi chura achomwe kijiti na kusogezwa motoni mpaka atoe jasho. Na hapa niseme kitu, watu wanapenda kuita vyura wote hawa wa rangirangi "vyura wa mishale", wakati spishi zinazojulikana kutumika hivyo ni tatu tu kati ya familia yenye mamia.

Batrakotoksini inavyofanya kazi ni ya kikatili. Kwenye seli za neva na misuli kuna vijilango vya kupitisha sodiamu, vinafunguka na kufunga haraka sana, ndo maana moyo unapiga na mkono unanyanyuka ukitaka. Sumu hii inakamata kijilango kikiwa wazi na kukizuia kisifunge. Neva inashindwa kutulia, misuli inakakamaa, moyo unapoteza mdundo. Dawa maalum ya kuizima haipo.

Sasa kilichowachanganya wanasayansi. Daly alikuwa mkemia wa taasisi za taifa za afya Marekani, NIH, na kazi yake kubwa ya maisha ilikuwa kuchambua ngozi za vyura, yeye na wenzake wamepata mamia kwa mamia ya alkaloidi, yaani kundi la kemikali ambamo batrakotoksini nayo imo, zaidi ya 800. Wakachukua vyura kutoka msituni wakawafuga, wale wa kutoka msituni wakakaa na sumu yao miaka kadhaa, inapungua taratibu lakini ipo. Watoto wao waliozaliwa maabara, wakalishwa vinzi vya matunda na nyenje, wakapimwa: hamna kitu. Rangi ileile, sauti ileile, ngozi tupu. Kwenye ripoti ya 1980 kuna kitu kingine kizuri zaidi, kwamba wale watoto wasio na sumu hata chembe, bado batrakotoksini haikuwa inawadhuru. Yaani kinga wamerithi, silaha hawajarithi. Mi kila nikiifikiria hiyo naona ndo ufunguo wa mada nzima, maana inaonyesha kile kilicho cha chura mwenyewe na kile ambacho si chake.

Ushahidi mwingine ukatoka mahali ambapo hakuna aliyepanga jaribio. Mwaka 1932 watu walichukua vyura wa kijani na weusi, Dendrobates auratus, kutoka Panama wakawapeleka Hawaii eti wakapunguze mbu. Wakazaliana huko mpaka leo wapo. Miaka mingi baadaye ngozi zao zikachunguzwa, na mchanganyiko wa sumu zao haukuwa sawa na wa ndugu zao wa Panama, baadhi ya alkaloidi hazipo kabisa. Chura ni yuleyule, aliyebadilika ni mdudu anayeliwa. Mwaka 1994 kina Daly wakamaliza ubishi: wakafuga watoto wa spishi hiyohiyo huko Panama kwa kuwalisha wadudu waliochambuliwa kwenye majani yaliyooza chini msituni, na wale wakapata alkaloidi, wakati wa vinzi vya matunda walibaki mikono mitupu.

Basi swali likawa ni mdudu gani. Hapa ndo raha ilipo na sijui kwanini klipu hazifiki huku. Sisimizi wamo, mbawakawa wadogo wamo, jongoo wamo, ila mchangiaji mkubwa aliyewashangaza watu ni utitiri. Si utitiri wa kuku, hawa ni wa udongoni, wenye gamba gumu, wengine hawafiki milimita moja, wanaishi kwenye mboji wakila ukungu na majani yaliyooza. Mwaka 2007 Ralph Saporito na wenzake walitangaza kwamba kwenye utitiri waliokusanya Costa Rica na Panama walikuta alkaloidi karibu 80, kama nusu yake zikiwa ni zilezile za kwenye ngozi ya chura mwekundu wa huko, Oophaga pumilio. Jaribu kupiga picha, chura mdogo kama kucha ya dole gumba anashinda kutwa anadonoa vidude ambavyo wewe huvioni bila lenzi, mamia kwa siku, kila kimoja kina tone lisilopimika, na yeye anaweka akiba. Ndo maana vyura wa kisiwa kimoja cha Bocas del Toro, huko Panama, wanaweza kuwa na mchanganyiko tofauti na wa kisiwa jirani, na chura wa eneo lilelile anaweza kupimwa msimu mmoja akawa hivi na msimu mwingine akawa vile. Menyu ikibadilika na ngozi inabadilika.

Kuweka akiba ya sumu mwilini siyo kazi ndogo. Ukila wewe unakufa, yeye anaisafirisha kutoka tumboni, inapita kwenye damu, mpaka kwenye tezi za ngozi, bila kujiua njiani. Anafanyaje? Hapa sayansi bado inabishana na ubishi wenyewe ni mtamu. Kundi moja linasema vipokezi vya neva vya chura vimebadilika kidogo ili sumu isishike, na kwa sumu moja ya Ecuador inaitwa epibatidini kazi ya Rebecca Tarvin na wenzake ya 2017 ilionyesha hilo wazi, badiliko la herufi moja tu ya protini, lakini badiliko hilo lina gharama maana kipokezi hichohicho kinatumika kwa kazi za kawaida za mwili, kwahiyo ikabidi mabadiliko mengine yaje kurekebisha. Kwa batrakotoksini lakini, utafiti wa 2021 ulikuta vijilango vya sodiamu vya chura wa njano vikipimwa nje ya mwili vinakamatwa na sumu kama vya mnyama yeyote, ila chura hai akidungwa anadunda tu. Maana yake huenda kuna kitu kingine mwilini kinainyonya sumu kabla haijafika kwenye neva, kama sifongo. Na mwaka 2023 maabara ya Lauren O'Connell, Stanford, ikatoa protini iliyomo kwenye damu ya chura mmoja wa Ecuador ambayo inashika alkaloidi na kutembea nayo. Mi naamini mwisho wa siku itakuwa ni vyote viwili, mlango uliobadilishwa na mlinzi aliyewekwa getini, kutegemea spishi na sumu.

Na wengine hawaishii kuhifadhi. Kwenye jaribio la 2003 vyura wa jenasi Dendrobates walilishwa alkaloidi moja wakaibadilisha kidogo ikawa nyingine yenye ukali mara kadhaa kuliko ya mwanzo. Kwahiyo tusimfanye chura mzigo tu, na yeye ana ufundi wake, anapokea malighafi na kuisindika.

Halafu kuna mama. Oophaga pumilio anambeba kiluwiluwi mgongoni anapanda naye mtini, anamwacha kwenye maji yaliyojikusanya katikati ya majani ya mmea, kila mtoto na kibwawa chake. Anarudi kila baada ya siku chache anatagia humo mayai yasiyorutubishwa, na mtoto anayala, hana chakula kingine. Mwaka 2014 watafiti wakaonyesha kwamba ndani ya mayai hayo mama anaweka na alkaloidi zake, na kiluwiluwi aliyelelewa na mama anakuwa nazo wakati aliyelelewa na binadamu kwa mayai ya spishi isiyo na sumu hana. Utitiri wa chini kwenye mboji unafika kwa mtoto aliye juu mtini ambaye hajawahi kushuka.

Tusidhani ni mambo ya Amerika peke yake. Madagaska, hapo jirani tu ng'ambo ya mlango bahari wa Msumbiji, kuna vyura wanaitwa Mantella, wadogo, wanang'aa, wana sumu, na hawana undugu wa karibu na wale wa Kolombia. Wamefika kwenye ujanja uleule kwa njia yao, na utafiti wa 2005 wa Valerie Clark na wenzake ulikuta alkaloidi zao kwenye sisimizi wa msitu wa Ranomafana. Papua New Guinea nako kuna ndege. Mwaka 1989 Jack Dumbacher alikuwa anategua ndege aina ya pitohui kwenye nyavu, wakamkwaruza, akalamba kidonda, mdomo ukafa ganzi. Zikapimwa manyoya na ngozi: familia ileile ya batrakotoksini, upande wa pili wa dunia. Mwaka 2004 ikajulikana inatoka kwa mbawakawa wadogo wa jenasi Choresine, na waliowaonyesha watafiti mbawakawa hao ni wanakijiji wa Herowana ambao walishajua kwamba wanawasha. Kwa yule chura wa njano wa Kolombia mdudu wa batrakotoksini hajatiwa mkononi mpaka leo. Yaani sumu maarufu kuliko zote za chura, tumeipima, tumeichora, maabara zimeitengeneza, ila dukani inaponunuliwa hatujapafahamu.

Hata kwetu hili jambo si geni, ni vile tu hatuliunganishi. Kenya kuna panya mkubwa mwenye manyoya marefu, Lophiomys, anatafuna magome ya msunguti, anachanganya na mate, anajipaka ubavuni kwenye nywele zenye vitundu vya kunyonya. Mbwa akimng'ata anaumwa vibaya, wengine wanakufa. Kazi ya kina Jonathan Kingdon ya 2011 ndo iliyoeleza hilo vizuri. Na msunguti ni mti uleule ambao Waliangulu na Wakamba walipikia sumu ya mishale, ya kuangushia tembo. Panya na mwindaji wote wanachota kisima kimoja, kama vile Muembera na chura wake.

Na Pemba tunajua upande wa msiba wake. Novemba 2021 watu 7 walikufa baada ya kula nyama ya kasa, Machi 2024 kisiwa cha Panza wakafa 9, wanane kati yao watoto. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba sumu ya kasa inatoka kwenye alichokula, hasa aina za mwani, ndo maana wazee wanasema sisi tumekula kasa miaka yote hatukufa, na wanasema kweli, na bado huyu mmoja akaua kijiji. Sumu haimo kwenye jina la mnyama, imo kwenye alipopita kula. Ukielewa chura wa Kolombia huwezi tena kushangaa kwanini kasa wa jana alikuwa salama na wa leo siyo.

Sasa nifike kwenye hoja yangu, na naifikia kwa kupitia ile epibatidini niliyoigusa juu. Mwaka 1974 Daly na Myers wakiwa Ecuador walikusanya vyura wadogo, leo wanaitwa Epipedobates anthonyi. Dondoo ya ngozi yao akidungwa panya wa maabara mkia unasimama na kupinda juu ya mgongo, dalili ambayo wataalamu wanaijua ya dawa za jamii ya mofini. Ajabu ni kwamba ukimpa panya dawa ya kuzima mofini, mkia unabaki umesimama. Maana yake ni kituliza maumivu kinachopita njia nyingine kabisa. Wakarudi 1976, sehemu moja kati ya mbili za mwanzo ilishageuka mashamba ya ndizi. Kwenye iliyobaki wakachukua vyura 750, na kutoka kwenye ngozi zote hizo wakabaki na kiasi kidogo mno hata mashine za wakati huo hazikuweza kusoma umbo lake. Wakafuga vyura: hamna kitu. Kichupa kikakaa kwenye friji zaidi ya miaka kumi kikisubiri teknolojia, mpaka 1992 muundo ukatangazwa, na ikaonekana ina nguvu mara 200 hivi ya mofini kwenye kutuliza maumivu. Kama dawa ilishindikana, kipimo cha kutibu kiko jirani sana na cha kuua, na toleo laini ambalo kampuni ya Abbott ilitengeneza, ABT-594, likaachwa kwenye majaribio ya watu kwa sababu ya madhara ya tumbo. Lakini lilifungua mlango mpya wa kufikiria maumivu, na hilo ni kubwa.

Angalia lakini ilivyokuwa karibu kupotea. Chura hakuwa hatarini kuisha. Angeweza kuishi vizuri tu pembeni ya migomba, anaimba, anataga, kitabu cha spishi kinamuweka salama, na bado kile kitu kingekuwa kimeondoka na majani ya chini pamoja na wadudu wake. Hapo ndo naona mfumo wetu wa kulinda una kasoro. Tunahesabu vichwa. Chura yupo, hayupo? Yupo, basi tumeshinda. Tunampa jina, tunampa orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini, tunampa boksi la kioo huko Ulaya na Marekani ambako wafugaji wanawazalisha kwa maelfu, na sina tatizo na wafugaji hao, bora wanunue wa kuzalishwa kuliko yale tuliyoona uwanja wa ndege wa Bogotá Januari 2024, vyura 130 wamefungiwa kwenye vikopo vya filamu za kamera ndani ya begi la msafiri. Ila tusiseme kwamba kilichomo kwenye boksi ni akiba ya msitu. Ni chura wa rangi tu.

Kuna atakayenijibu kwamba maabara wanaweza kunyunyizia alkaloidi kwenye vinzi na chura akazibeba, na ni kweli, wanafanya hivyo. Lakini unanyunyizia unachokijua, cha kwenye chupa. Ambacho hakijagunduliwa utakinyunyiziaje? Sisi Tanzania tumepitia hili kwa sura nyingine kule Kihansi. Bwawa la umeme likachukua maji ya maporomoko, vyura wa pale wanaotegemea manyunyu wakaanza kuisha, mwaka 2000 karibu 500 wakapelekwa Bronx Zoo, 2009 wakatangazwa wameisha porini, 2012 wakaanza kurudishwa, na korongoni yakawekwa mabomba ya kutengeneza manyunyu ya bandia. Kazi nzuri, naipongeza kabisa. Ila manyunyu unaweza kuyatengeneza kwa bomba. Utitiri mia kadhaa wa spishi zisizo na majina, na ukungu wanaokula, na majani yanayoanguka kwa mpangilio wake, hilo bomba halijatengenezwa.

Na kuna suala la nani mwenye mali, ambalo watu wa Ecuador walilipigia kelele baadaye kwamba mbona nchi haikuambulia kitu. Vyura walichukuliwa miaka ya 70, Mkataba wa Bioanuwai umekuja 1992, mwaka uleule muundo wa epibatidini ulipotangazwa, kwahiyo kisheria hakukuwa na pa kushika. Leo kuna Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kugawana faida na nchi kiumbe alikotoka, na nchi zetu zimo. Lakini mikataba ya namna hii ikiandikwa huwa mawazo yako kwenye kiumbe aliyetoa sampuli, jina lake, idadi yake, wakati tumeona aliyetoa siyo aliyetengeneza. Mi ningependa kibali chochote cha kuchukua chura, popo, sijui kasa, kwa ajili ya kutafuta dawa kilazimishe na sampuli ya mboji ya palepale, wadudu wake wahesabiwe na kuhifadhiwa kwenye makumbusho ya nchi husika, na mgao wa faida ufungwe kwenye hekta za eneo, siyo kwenye spishi. Wataalamu wa utitiri hatuna wengi, najua, na hakuna mfadhili anayeweka picha ya utitiri kwenye kalenda yake ya mwaka mpya. Ila kama pesa ya chura ipo, kipande chake kiende kumsomesha mtu mmoja wa kukaa na darubini na kuwapa majina hao vidudu wa Udzungwa na Usambara, kabla hatujajua nani anawala.